Bakuli Lililotutangulia Ipole

Upumbavu wangu ulikuwa wa neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "ndiyo". Nililisema nikiwa na kitumbua mdomoni, nimesimama mlangoni mwa jiko letu pale Mtendeni, mguu mmoja ndani, mwingine tayari uko uwanjani. Mama aliinua bakuli kubwa la mti lililokuwa mezani akaniuliza, "Sefu, hili ndilo lile la Mama Kulwa?" Nikasema ndiyo, nikaenda zangu kucheza.

Halikuwa la Mama Kulwa. La Mama Kulwa, rafiki wa Mama anayekaa Ipuli, tulikuwa tumeliazima, na mimi nililivaa kichwani siku moja nikijifunza kupiga mpira wa kichwa pasipo kuumia, likapasuka vipande viwili. Bakuli, siyo kichwa, ingawa mwalimu wetu wa hesabu ana shaka. Vipande nikavizika nyuma ya choo kwa heshima zote za mazishi. Tangu hapo Mama hachoki kuniuliza: chombo cha watu kiko wapi, Sefu, watu watatuonaje? Kwa hiyo alipoliona lile la mezani na kuuliza mwenyewe, mimi niliona mlango umefunguka, nikapita.

Lile la mezani lilikuwa Bakuli lenyewe. Wenzangu mnalijua, lakini najua waraka huu utasomwa mpaka na binamu yangu wa Kigoma, ambaye hajui kitu, basi nieleze. Kila mwaka skuli yetu ya mjini hucheza mpira na skuli ya misheni ya Ipole, huko kusini kwenye misitu ya asali. Skuli nyingine hugombea vikombe vya fedha vyenye masikio. Sisi tunagombea bakuli la mti. Mwalimu Kasimu, anayetufundisha mpira na tarehe za kale, husema liliachwa na mkuu wa msafara mmoja wa zamani kama zawadi kwa vijana hodari wa Tabora. Aliyeshinda hukaa nalo mwaka mzima, na mwaka ukifika hulileta uwanjani mwenyewe na kuliweka mezani kabla ya filimbi ya kwanza. Asipoliweka, amefungwa. Hakuna mpira, hakuna maneno.

Na mimi ndiye Mlinzi wa Bakuli. Nimejaribiwa katika nafasi zote kumi na moja, nikajaribiwa kushika kibendera pembeni, nikakishika juu chini. Lakini mechi za Bakuli nazijua zote, nani alifunga, nani alianguka, nani alilia akasingizia vumbi, na kwa ajili hiyo wakanipa cheo hicho. Ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa tangu kuzaliwa. Mapema wiki ya mechi nililileta nyumbani nilipake samli ling'ae. Asubuhi ya safari nikaingia jikoni kulichukua, nikakuta sufuria.

"Mama, bakuli liko wapi?"

"Si nimelirudisha kwa Mama Kulwa? Siku ileile. Na vitumbua."

Bila shaka na vitumbua. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama angeweza kurudisha chombo bila mfuniko, bila ruhusa, hata bila kujua ni cha nani, lakini siyo kitupu.

Mtendeni mpaka Ipuli

Timu ilikuwa imeshapanda lori. Nahodha wetu, Maganga, ambaye mabega yake yanaanzia masikioni, aliniinamia kutoka juu.

"Mlinzi, Bakuli?"

"Linanyonya samli, nahodha. Likitolewa sasa litapasuka. Nitawafuata kwa baiskeli."

"Sefu, mpira ni kesho alasiri. Usipofika na Bakuli, usifike kabisa."

Nikachukua baiskeli ya mjomba, ambayo breki zake ni soli ya kiatu cha anayeipanda, nikakimbilia Ipuli. Mama Kulwa nilimkuta uani anapepeta karanga. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

"Mama, nina haraka sana."

"Haraka kaa nayo hapo kwenye mkeka, mle wote wawili."

Ukifika kwa Mama Kulwa hakuna neno linalosemwa na tumbo tupu. Akaleta ugali wa mtama na mlenda. Mlenda ule ulikuwa wa kuvutika. Nikiinua mkono kuuliza habari, uzi wake unanirudisha sahanini. Mpaka namaliza, jua limeshapanda juu ya banda la kuku.

"Mama, lile bakuli aliloleta Mama..."

"Vitumbua vilikuwa vitamu. Mwambie mama yako safari hii hakubania iliki. Lakini bakuli si langu. Langu lina pengo mdomoni, mbuzi alilitafuna. Lile limepakwa mafuta kama kichwa cha bwana harusi. Nikasema, maskini, Mama Sefu kachanganya. Hili litakuwa la wifi yangu wa Sikonge, Mama Esta. Alikuja harusini kwenu mwaka ule, akaondoka bila vyombo vyake. Basi nikampelekea."

"Sasa si ungelirudisha kwetu, mama?"

"Nilikuwa na nini cha kutilia? Karanga. Mama yako karanga zinamwasha koo. Ulitaka nimrudishie tupu?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amrudishe mgeni kwao bila nguo.

"Kwa hiyo nikalijaza karanga, nikampa shemeji aliyekuwa anakwenda Sikonge. Na la kwangu mimi liko wapi?"

"Linakuja, mama."

"Kutoka wapi?"

Nikakumbuka nina haraka.

Njia ya Sikonge

Njia hii ya kusini ni ile waliyopita babu zetu na misafara, mtoto gani asiyejua. Walibeba pembe za ndovu mabegani na wakaimba. Mwalimu Kasimu akieleza habari zao hufuta machozi. Mimi niliwaza tofauti: wale walikuwa na cha kubeba. Mimi sikuwa na kitu, na hicho ndicho kilichonielemea.

Tairi la nyuma lilipasuka katikati ya pori. Nikalijaza majani kama tulivyozoea, nikaendesha kidogo, majani yakatoka upande mmoja kama ndevu, nikawa nasukuma. Nilikuwa hivyo, naisukuma baiskeli yenye ndevu, lilipotokea lori tupu linalokwenda kuchukua nta. Dereva akatoa kichwa dirishani. Aliitwa Bwana Rajabu, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, na juu ya lori alikaa utingo wake ambaye jina lake sikuambiwa mpaka leo.

"Unakwenda wapi na huyo mbuzi?"

"Sikonge, Bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Nauli unayo?"

"Sina. Ila nazijua mechi zote za Bakuli."

Bwana Rajabu akafungua mlango. "Panda. Anza na zilizo bora kabisa. Ukinidanganya nitakushusha."

Nikampangia kama ninavyowapangia ninyi. Ya tatu kwa ubora, nikasema, ni ile ya mchwa. Tulipata penalti, Ipole wakalia, mpigaji wetu akaupiga mpira ukagonga mlingoti. Mlingoti ulikuwa umeshaliwa na mchwa ndani wote, umebaki ganda. Ukaanguka, na ule wa juu ukaanguka, ukamlaza golikipa na mpira kifuani. Refa, karani mmoja wa boma, akazunguka yale magofu akisema hawezi kuhesabu bao lililoingia mahali ambapo hapapo tena. Walibishana mpaka ng'ombe wakapitishwa uwanjani kurudi zizini.

"Kweli," akasema Bwana Rajabu. "Endelea."

Ya pili ni ile ya nyuki. Kundi la nyuki lilikuja likatua kwenye goli letu. Timu zote mbili zikakimbilia mtoni, na refa mbele. Alibaki golikipa wa Ipole peke yake, mtoto wa mrina asali. Akauchukua mpira kule kwake, akautembeza taratibu uwanja mzima kama mtu anayempeleka bata sokoni, akautia katikati ya nyuki, akarudi golini kwake kusubiri. Refa akapuliza filimbi ya bao akiwa ndani ya maji mpaka shingoni.

Lori likasimama.

"Hiyo ni ya pili?" akauliza Bwana Rajabu.

"Ya pili, Bwana."

"Shuka."

"Bwana, tuko porini."

"Mimi nilikuwepo. Niliumwa na nyuki hapa, na hapa, na mahali pengine siwezi kumwonyesha mtoto. Halafu unaniambia ni ya pili? Ya kwanza ni ipi?"

"Ya Ramadhani."

Akazima injini ili asikie vizuri. Nikamweleza. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, vijana wetu wote wamefunga tangu alfajiri, jua linazama. Adhana ikasikika. Wachezaji wetu wakauacha mpira pale ulipo wakaenda kando, ambako tende zilikuwa zimetayarishwa ndani ya Bakuli lenyewe. Goli letu likabaki wazi kama kinywa cha mtu anayeshangaa. Mshambuliaji wa Ipole, Mkristo safi, alikuwa na mpira mguuni hatua chache kutoka golini. Akalitazama goli. Akatutazama sisi tunatafuna. Akaketi juu ya mpira, akasema, "Malizeni kwanza." Wenzake nao wakaketi. Kisha mmoja akaulizwa kama anataka tende, akasema hapana kwa adabu, akaulizwa tena, na mara timu zote mbili na refa wakawa wamezunguka Bakuli. Walipoinuka, giza limeingia, mpira hauonekani. Hakuna aliyekumbuka kuumaliza mchezo mpaka kesho yake.

Bwana Rajabu akaisukuma kofia nyuma. "Nzuri," akasema. "Lakini haina nyuki." Akampigia kelele utingo. "We huko juu! Wewe unasemaje?"

"Mimi nachagua ya mchwa," akajibu utingo. "Mtu akijenga goli apake oili chafu."

Ikawa kila mtu na yake. Tulipokubaliana kutokubaliana, lori nalo likakataa kuwaka. Tukalisukuma, mimi na utingo, huku Bwana Rajabu akiwa kwenye usukani anatuelezea uchungu wa nyuki.

Sikonge, sauti ya tatu

Waliniteremsha karibu na kanisa la Wamoraviani, kwa kuwa Mama Esta, nikaambiwa, alikuwa humo anafundisha kwaya. Nikaegemeza baiskeli, nikachungulia mlangoni. Mama mmoja mrefu mwenye fimbo mkononi akanigeukia.

"Wewe unatoka Tabora?"

"Ndiyo, mama, nimetumwa..."

"Umechelewa. Ingia. Sauti ya tatu, simama pale."

Mtaona kwamba "ndiyo" yangu ilinipeleka pabaya mara ya pili. Walikuwa wanamsubiri kijana kutoka Tabora aje kusaidia sauti ya tatu. Nikasukumwa kati ya wazee wawili wenye vifua kama ngoma. Nilipofungua mdomo nieleze, wote wakafungua yao, na wimbo ukaanza. Nikaona nikibaki kimya nitaonekana mkaidi. Nikaimba. Nimekaa chuoni kwa Maalim nikisoma Kurani tangu utoto, pumzi ninayo. Tuliimba beti zote, na mzee wa kushoto akanipiga bega kwa furaha.

"Jina lako nani, kijana?" akauliza Mama Esta.

"Sefu."

Kwaya nzima ikanigeukia.

"Sefu wa nani?"

"Sefu wa Mtendeni, mama. Shikamoo. Nimekuja kutafuta bakuli."

Kicheko kilichotoka kwa sauti ya tatu kiliwatoa popo darini. Mama Esta akanipeleka kwake, na njia nzima akawa anasimama kucheka. "Na bado umeimba."

"Mama, hamkunipa nafasi ya kukataa."

Akanikaribisha ugali na uyoga wa tui la karanga, yaani zile karanga za Mama Kulwa, nikazitambua kama ndugu. Nikajua niko karibu.

"Bakuli lilifika," akasema. "Lakini si langu, mwanangu. Wifi yangu anajua kila kitu isipokuwa vitu vyenyewe. Nilipomwaga karanga nikaligeuza, chini nikaona alama ya moto. Unaijua?"

Naijua sana. Ni msalaba wenye mkia kila upande. Mwalimu Kasimu hutufundisha kwamba ni maandishi ya kale ya mkuu wa msafara, yenye maana ya ushujaa.

"Ni alama ya mizinga," akasema Mama Esta. "Kila mrina huchoma yake kwenye mizinga yake, mwingine asije akamrinia. Mimi nimekulia Ipole. Ile ni ya marehemu Mzee Kapela. Nikasema, mjane wake Bibi Nyamizi atakuwa analitafuta. Nikalijaza uyoga mkavu, nikalitia kwenye gari la misheni jana."

Nilicheka, wallahi. Timu nzima ilikuwa imefika Ipole inanisubiri nilete Bakuli, na Bakuli lilishafika kabla yao, limeshapumzika. Kisha nikaacha kucheka. Kama lina mwenyewe, nitamwambia nini anipe?

Ipole

Mtoto wa Mama Esta alinitengenezea tairi, na asubuhi nikaondoka. Nilifika Ipole njaa inauma na mavumbi yamenigeuza rangi. Sikwenda uwanjani. Niliuliza kwa Bibi Nyamizi, nikaonyeshwa nyumba iliyozungukwa na mizinga ya magome inayosubiri kutundikwa. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anachambua uyoga, na Bakuli liko kati ya miguu yake linang'aa kwa samli yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu." Akaitazama sare yangu, kaptula na mfuko wenye nembo. Mikono yake ikasimama. "Ninyi ndio wale."

"Wale gani, Bibi?"

"Wa skuli ya Tabora. Ulilichukua bakuli langu, mume wangu, nikakungoja mpaka meno yakang'oka."

"Bibi, mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Ndivyo waume wote wanavyosema."

Akanieleza, huku akiendelea kuchambua. Mara ya kwanza kabisa vijana wa Tabora walipokuja kucheza na wa Ipole, yeye ndiye aliyewapikia wageni. Hawakumaliza chakula. Wakaomba wakale njiani, na bakuli lake wakaondoka nalo, wakisema tutalirudisha, Bibi. Likapita jua, ikapita mvua. Mzee Kapela, aliyelichonga kwa mkono wake, alikuwa akimtania kila mavuno ya asali: "Nyamizi, bakuli lako limekwenda skuli. Likirudi litakuwa karani." Amekufa akitania hivyo. Uwanjani Bibi hajawahi kwenda, mpira ni wa watoto. Aliposikia wanagombea kitu, alidhani ni kikombe cha Wazungu.

Kwa hiyo hapakuwa na mkuu wa msafara. Hapakuwa na zawadi ya ushujaa. Walikuwepo wavulana walioona haya kurudisha bakuli tupu, wakaona afadhali waliite kombe. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na ushahidi uko nyuma ya choo chetu.

Kwa mbali nilisikia makelele ya uwanjani.

"Bibi," nikasema, "bakuli ni lako. Lakini lisipokuwa mezani leo kabla ya filimbi, tumefungwa bila kucheza. Mimi ndiye mlinzi wake. Sina kazi nyingine ninayoiweza duniani. Niazime mpaka jioni."

"Mlinzi," akasema. "Mimi nimeletewa na gari la misheni, na uyoga juu. Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Akalizungusha bakuli mkononi, akapapasa ile alama kwa kidole gumba.

"Limerudi limejaa," akasema. "Basi roho yangu imetulia. Chukua, mume wangu, mkacheze. Lakini kwangu halitoki tupu."

Akaingia ndani. Nikamsikia anafungua vyungu, hana haraka hata chembe, na huko uwanjani watu wameanza kupiga makofi. Akatoka na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, amelijaza bakuli mpaka juu, kisha akamimina asali, akaitazama, akaongeza.

Nikalitia kichwani nikakimbia. Asali ikashuka taratibu mpaka kwenye nyusi. Nilipoingia uwanjani refa alikuwa ameshatia filimbi mdomoni, Mwalimu Kasimu amefumba macho, na Maganga ananitazama kama mtu anayechagua fimbo. Nikaliweka mezani. Nyuki wawili niliokuja nao wakaliweka pamoja nami.

"Ndani kuna nini?" akauliza Maganga.

"Heshima," nikamwambia.

Tukaanza, na jamani, kipindi cha kwanza tulicheza. Mabao mawili bila. Nilikuwa pembeni nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyoisimulia. Wakati wa mapumziko vijana wetu, ambao tangu asubuhi walikuwa na uji tu, wakalizunguka Bakuli. Wakala michembe na asali mpaka chini. Golikipa akalilamba. Kisha, kwa kuwa asali inatia kiu, wakanywa maji, kata kwa kata.

Vijana wa Ipole walikuwa wamekaa upande wao wanasukutua tu vinywa na kutema. Mmoja akaniita pembeni.

"Rafiki, wenzako wamekula michembe mikavu?"

"Ndiyo." Ndiyo ya tatu.

"Na wamekunywa maji juu yake?"

"Sana."

Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Itavimba."

Ikavimba. Sijapata kuona jambo kama lile. Filimbi ilipolia vijana wetu walisimama kama magunia ya pamba yaliyofungwa vibaya. Winga wetu wa kulia, anayesifika kwa mbio, aliona mpira unapita mbele yake akaupungia mkono. Maganga alijaribu kuruka apige kichwa, akapanda juu kadiri ya unene wa kitambulisho cha maktaba. Golikipa hakuweza kuinama, na Ipole walipogundua hilo wakaacha kabisa kupiga mipira ya juu. Bao la kwanza lilibingirika. La pili likabingirika taratibu zaidi. La tatu golikipa alilisindikiza kwa macho tangu mbali, akasema, "Karibu." Tatu kwa mbili.

Ndipo nilipowaambia wote lile bakuli ni la nani. Mwalimu Kasimu alikohoa kwa muda mrefu, akasema tarehe za kale nyakati nyingine hupitia njia za mkato. Tukaenda timu zote mbili kwa Bibi Nyamizi, tumbo mbele. Maganga akamkabidhi bakuli kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwa niaba ya wote waliotangulia. Bibi akalipokea. Akachungulia ndani. Akaligeuza, akadondoka sisimizi mmoja. Akasema, "Asanteni, waume zangu. Mwaka ujao mje tena mliazime." Hakusema zaidi, na mimi nikaona mambo yamekwisha vizuri.

Kurudi Mtendeni

Mnaniuliza kama orodha yangu imebadilika. Imebadilika. Ya Ramadhani imeshuka ya pili, ya nyuki ya tatu, ya mchwa mtamwambia yule utingo mwenyewe. Ya kwanza sasa ni hii tuliyofungwa na viazi. Na cheo changu ninacho bado, ingawa Maganga anasema mlinzi wa kitu kisichokuwepo ndicho cheo hasa kinachonifaa.

Nilifika nyumbani na lori la timu, baiskeli ya mjomba juu ya mizigo. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikaona siku hii niseme ukweli wote kabla hajaulizia popote. Nikamweleza mlenda wa Mama Kulwa, nikamweleza kwaya, akafunga macho kidogo hapo, nikamweleza Mzee Kapela na utani wake, michembe, kuvimba, sisimizi. Hakunikatiza. Aliendelea kutoa chenga, moja moja. Nilipomaliza nilisubiri anicheke, au anipige, au anipe pole kwa kufungwa.

Akaweka ungo chini.

"Mara ya kwanza hamkumrudishia. Mara ya pili mmemrudishia tupu. Sasa niambie, Sefu, la Mama Kulwa liko wapi?"